Kazi Anaiweza, Usaili Unamshinda

Mtu wa kwanza kuandikwa na daktari kuwa ana usonji aliishia kuwa mfanyakazi wa benki. Aliitwa Donald Triplett, mzaliwa wa Forest, mji mdogo katika jimbo la Mississippi, Marekani. Mwaka 1958 alihitimu chuo na shahada ya Kifaransa, akaajiriwa Benki ya Forest, na hapo akadumu kwa miaka 65. Alitunza vitabu vya hesabu na kuhesabu hundi. Wenzake walimzoea kwa vituko viwili. Cha kwanza, aliwarushia mipira ya kufungia noti watu aliowapenda. Cha pili, alimpa kila mtu namba yake kichwani na hakuisahau hata miaka ikipita. Alicheza gofu, aliendesha gari lake mwenyewe, na alisafiri peke yake nchi nyingi za dunia. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89.

Utotoni hakuna aliyemtabiria hayo. Mwaka 1937, akiwa na miaka mitatu, madaktari waliwashauri wazazi wake wamwache kwenye taasisi ya watoto mbali na nyumbani. Alikaa huko karibu mwaka mzima, akinyong'onyea, mpaka wazazi walipokwenda kumtoa huku mkurugenzi akipinga. Baba yake, ambaye alikuwa wakili, aliandika barua ya kurasa 33 akieleza kila alichokiona kwa mwanawe, tangu kupenda kuzungusha masufuria sakafuni hadi kutoitika anapoitwa. Barua hiyo ilimfikia Dk. Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na Oktoba 1938 familia ikasafiri kwenda kumwona. Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala kuhusu watoto 11 wenye hali ambayo vitabu vya tiba vilikuwa bado havijaipa nafasi yake. Mtoto wa kwanza katika makala hiyo ni "Donald T."

Katikati ya maisha hayo kuna kipindi ambacho kila meneja angepaswa kukisoma. Tangu mwaka 1942 Donald aliishi kwa wakulima wawili, mume na mke, kiasi cha maili kumi kutoka kwao. Hawakuwa wasomi wala hawakujua lolote kuhusu magonjwa ya akili. Walichokiona ni mtoto anayepima na kuhesabu kila kitu, basi wakamchimbisha kisima na kumtaka awaambie kina kimefikia wapi. Alipokuwa haachi kuhesabu mistari ya mahindi, wakampa plau na farasi, akawa anahesabu huku analima. Alipozidi kukusanya ndege na wadudu waliokufa, walimtengea kipande cha ardhi kiwe makaburi yao, naye akaweka alama juu ya kila kaburi. Kanner alimtembelea mwaka 1945 na kumkuta akilima mistari mirefu ya shamba, akimgeuza farasi vizuri kabisa. Wale wakulima hawakumkataza tabia zake. Walizitafutia kazi.

Mwaka 1971 Kanner aliandika tena, safari hii kueleza wale watoto 11 waliishia wapi. Wa pili kwenye orodha alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya serikali akiendesha mashine za kurudufu nyaraka, na mkuu wake alimsifu kwa kutegemeka na kwa ukamilifu wa kazi yake. Waliopelekwa kwenye hospitali za serikali wakaachwa huko walififia, mmoja baada ya mwingine. Watoto waliokuwa wamefanana sana utotoni walitofautiana utu uzimani, na kwa sehemu kubwa kilichowatofautisha ni mahali walipowekwa.

Donald alikuwa na bahati ambayo haifai kufichwa. Benki ya Forest ilianzishwa na babu yake mzaa mama. Hakulazimika kubisha hodi ofisini kwa mtu asiyemjua, akajieleza kwa dakika thelathini huku akitazamwa machoni. Mji mzima ulimfahamu na kumlinda. Waandishi wa habari walipoanza kumtafuta uzeeni, wenyeji waliwaonya kwamba atakayemdhuru Don atatafutwa. Mtoto mweusi wa Mississippi ya miaka ile, mwenye hali hiyo hiyo na uwezo huo huo, hakuwa na babu mwenye benki. Swali la sura hii ni la wale wasio na babu wa namna hiyo.

*

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wenye usonji huzaliwa nao na huishi nao maisha yote. Ubongo wao hupokea sauti, mwanga, mguso na maneno kwa namna yake: mwingine hasemi kabisa na huhitaji msaada kila saa, mwingine ana shahada mbili na analipa kodi ya nyumba kila mwezi. Sura hii inawahusu hasa hawa wa pili, waliosoma na wanaotafuta au kufanya kazi za ofisini. Habari zao husikika kidogo, kwa kuwa mazungumzo kuhusu usonji karibu yote huwa ya watoto, na watoto hukua.

Uingereza ni moja ya nchi zilizokusanya takwimu za ajira zao kwa uangalifu. Mwaka 2016 chama cha kitaifa cha usonji nchini humo kiliripoti kuwa ni asilimia 16 tu ya watu wazima wenye usonji waliokuwa na kazi ya kulipwa ya muda wote. Februari 2024 ilitoka ripoti ya serikali iliyoongozwa na Sir Robert Buckland, waziri wa zamani wa sheria. Ilikuta kwamba watu 3 kati ya 10 wenye usonji wenye umri wa kufanya kazi wana ajira. Kwa walemavu wote kwa jumla ni 5 kati ya 10, na kwa wasio na ulemavu ni 8 kati ya 10. Wahitimu wa vyuo vikuu wenye usonji walikuwa kwenye hatari maradufu ya kukosa kazi miezi 15 baada ya kumaliza masomo, wakilinganishwa na wahitimu wasio na ulemavu.

Hao wahitimu ndio wanaoumiza moyo zaidi. Mtu amefaulu mitihani, ameandika tasnifu, amethibitisha kuwa anaweza kukaa na jambo gumu mpaka alimalize. Anakwamia wapi?

Anakwamia kwenye usaili. Jopo la watu watatu linamkaribisha, na swali la kwanza ni "Hebu tuambie kidogo kuhusu wewe." Kwa wengi hilo ni swali la kupasha moto tu. Kwa mwombaji mwenye usonji linaweza kuwa gumu kuliko yote, maana halina mipaka. Aanzie kuzaliwa? Aeleze shule, familia, au anachopenda kula? "Kidogo" ni dakika ngapi? Wakati anapanga jibu, sekunde zinapita, na mmoja wa wasaili ameshaandika kwenye karatasi yake kwamba mwombaji hajiamini. Kisha anaulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano, anajibu kweli kwamba hajui. Anaulizwa udhaifu wake, anautaja wote, mmoja mmoja, kwa uaminifu ambao hakuna mwombaji mwingine siku hiyo atauonyesha. Muda wote huo hakuna aliyempa kazi afanye ili ionekane anaiweza au haiwezi.

Mwaka 2017 Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha jinsi hukumu hiyo inavyotolewa upesi. Watu wasio na usonji walionyeshwa vipande vifupi mno vya video, sauti na picha za watu wengine, wenye usonji na wasio nao, bila kuambiwa nani ni nani. Sekunde chache tu ziliwatosha kuwapa wenye usonji alama za chini na kusema wasingependa kukaa nao au kuzungumza nao. Lakini walipopewa kusoma maneno yale yale yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, bila sura wala sauti, tofauti ilitoweka. Yaliyosemwa hayakuwa na kasoro yoyote. Kilichowapunguzia alama ni namna walivyoonekana na walivyosikika.

Kwa miongo mingi wataalamu walifundisha kwamba mwenye usonji hawezi kuelewa wenzake. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kuwa tatizo liko pande zote mbili: mwenye usonji hapati kirahisi anachowaza asiye na usonji, na huyo naye hampati mwenzake. Ila aliye wengi ndiye anayehesabiwa kuwa sawa. Miaka minane baadaye Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliijaribu hoja hiyo kwa mchezo tunaoujua sote, wa kupashana hadithi kutoka kwa mtu hadi mtu. Watu wazima 72 walipangwa katika minyororo ya watu wanane wanane. Minyororo ya wenye usonji watupu ilifikisha hadithi sawasawa na ile ya wasio na usonji watupu. Iliyopoteza habari nyingi ni ile iliyochanganya makundi mawili. Sasa ofisi ya kawaida, yenye mfanyakazi mmoja mwenye usonji kati ya wenzake ishirini, ni mnyororo huo uliochanganywa kila siku ya kazi, na lawama ya kila kinachopotea humwangukia mtu mmoja.

Kuna kesi moja iliyofika mahakamani na inayofaa kusimuliwa kirefu. Mwaka 2015 mhitimu wa sheria mwenye usonji wa aina iliyokuwa ikiitwa Asperger aliomba nafasi ya mafunzo katika idara ya wanasheria wa serikali ya Uingereza. Waombaji walikuwa maelfu, hivyo hatua ya kwanza ilikuwa mtihani wa kompyuta wa maswali ya kuchagua: unaelezewa hali fulani ya kazini, kisha unachagua jibu lifaalo zaidi na lisilofaa kabisa. Aliomba kabla ya mtihani aruhusiwe kuandika majibu mafupi kwa maneno yake, kwa sababu kujiweka katika hali ya kubuni na kuchagua kati ya majibu yanayokaribiana ndiko hasa kunakomshinda. Akajibiwa kuwa haiwezekani. Alifanya mtihani kama ulivyo, akapata 12. Alama ya kufaulu ilikuwa 14.

Baraza la kazi liliamua kwamba amebaguliwa, na mahakama ya rufaa ya kazi ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2017. Idara ilijitetea kuwa inahitaji wanasheria wenye uwezo wa kufanya maamuzi, na mahakama ikakubali kuwa hilo ni hitaji halali. Ilichokataa ni kwamba maswali ya kuchagua ndiyo njia pekee ya kuupima uwezo huo. Fidia aliyolipwa ilikuwa pauni 860. Ni fedha kidogo sana kwa mtu aliyezuiwa mlangoni, lakini hoja iliyothibitishwa ni kubwa: mtihani uliwekwa upime uwezo wa kufanya maamuzi, na kwa mwombaji huyu ukapima kitu kingine kabisa.

*

Thorkil Sonne wa Denmark aliliona jambo hilo miaka kumi na zaidi kabla ya kesi hiyo. Alikuwa mkurugenzi wa kiufundi katika kampuni ya mawasiliano, na mwanawe mdogo alikutwa na usonji. Siku moja mtoto alichora karatasi iliyojaa visanduku na namba ambazo baba hakuzielewa mara moja. Baadaye aligundua kwamba ni ukurasa wa faharasa wa kitabu chao cha ramani za barabara za Ulaya, umechorwa kwa kumbukumbu tu. Sonne aliacha kazi, akaiweka nyumba yake rehani, na karibu mwaka 2004 akaanzisha Specialisterne, kampuni ya kuajiri watu wenye usonji na kuwapeleka kwa wateja kujaribu programu za kompyuta na kuhakiki data. Usaili aliufuta. Mahali pake aliweka roboti za Lego: mwombaji anakabidhiwa vipande, anajenga, anapanga programu ya kuiendesha roboti, na wasimamizi wanamtazama kwa wiki kadhaa. Mwisho wake wanajua anavyofikiri, anavyokabili kosa, anachoka saa ngapi, na anahitaji nini ili afanye kazi vizuri. Hakuna mazungumzo ya nusu saa yanayoweza kuwapa hayo.

Wakubwa wakafuata. Mei 2013 kampuni ya programu ya SAP ya Ujerumani, baada ya kuanza kwa majaribio Bangalore nchini India, ilitangaza kwamba itakapofika mwaka 2020 asilimia 1 ya wafanyakazi wake, kama watu 650, watakuwa wenye usonji. Microsoft ilianza mpango wake mwaka 2015, na benki ya JPMorgan Chase mwaka huo huo. Berlin tayari ilikuwa na Auticon, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Dirk Müller-Remus, baba mwingine mwenye mtoto mwenye usonji. Auticon huwaajiri washauri wa kompyuta wenye usonji na kuwapa kocha wa kazi, mtu anayekwenda kwa mteja kabla yao, akakagua chumba na kelele zake, na kumweleza meneja wa huko namna ya kutoa maagizo.

Mipango hii imebadilisha maisha ya watu, na hilo lisichukuliwe kirahisi. Mtu aliyekuwa akiishi chumbani kwa mama yake hadi miaka thelathini na tano anapopata mshahara, bima na kitambulisho cha kazi, nyumba nzima inabadilika. Bado ukubwa wake usitiwe chumvi. Lengo la SAP la mwaka 2020 halikufikiwa, na walioajiriwa kupitia mpango wake hawapiti mamia machache katika kampuni kubwa namna hiyo. Tena kazi zenyewe karibu zote ni za kompyuta, kana kwamba kila mwenye usonji amezaliwa na kipaji cha msimbo. Wapo wanaopenda historia, wapo wahasibu, wapo wapishi, na wapo wasio na kipaji chochote cha kustaajabisha ambao wangefanya kazi ya masijala kwa uaminifu mpaka kustaafu.

Hapo ndipo utetezi unaopendwa na makampuni unapokosea. Mwaka 2017 jarida la biashara la Harvard lilieleza kuwa wajaribu programu wenye usonji waliowekwa na kampuni ya HPE katika idara ya serikali ya Australia walionekana, kwa taarifa za awali, kuwa na tija ya asilimia 30 zaidi ya wenzao. Taarifa kama hizo zimesaidia kufungua milango, na anayezitumia ana nia njema. Lakini zinawawekea watu hawa sharti ambalo hakuna mwingine anayewekewa, yaani kwamba wastahili kuajiriwa wakiwa bora kuliko wote. Elon Musk aliposema kwenye televisheni mwaka 2021 kuwa ana Asperger, dhana hiyo ilizidi kunoga. Karani wa kawaida mwenye usonji halinganishwi na karani wa kawaida mwenzake, analinganishwa na bilionea.

*

Aliyevuka mlango anakutana na ofisi yenyewe. Ukumbi ni mmoja, hauna kuta, na watu arobaini wanaongea na simu. Tyubulaiti moja inapepesa. Wenzake hawaioni, yeye haoni kingine. Kiyoyozi kinavuma. Mtu wa meza ya jirani anapasha samaki kwenye maikrowevu. Asiye na usonji huyachuja hayo bila kujua kuwa anayachuja. Kwa wengi wenye usonji yote huingia kwa nguvu ile ile, na sauti ya meneja anayetoa maagizo ni moja tu kati ya sauti kumi.

Halafu yapo maagizo yenyewe. Meneja anasema, "Ukipata nafasi, niangalizie ile ripoti." Anamaanisha anaitaka kabla ya saa sita. Mfanyakazi anasikia alichoambiwa: akipata nafasi. Jioni anaulizwa ripoti iko wapi, na anayemuuliza amekasirika. Akisema kwenye kikao kuwa hesabu za mkurugenzi zina kosa ukurasa wa nne, na kweli zina kosa, kimya kinatanda, na wiki inayofuata haalikwi. Kwenye tathmini ya mwaka anaandikiwa kuwa kazi yake ni nzuri ila "ajifunze kushirikiana na wenzake", bila kuambiwa kwa mfano hata mmoja afanye nini. Kwa hiyo anabaki pale pale alipoajiriwa, anawafundisha kazi vijana wapya, na vijana hao wanapandishwa vyeo kumpita.

Wengi hujifunza kujificha. Wanajilazimisha kutazama macho, au sehemu ya katikati ya nyusi mbili ambako hakuna atakayejua tofauti. Wanakariri vichekesho. Wanafanya mazoezi ya kicheko, wanakaa juu ya mikono yao isichezecheze, wanaandaa nyumbani maneno ya kusema kwenye lifti. Watafiti wa Uingereza, akiwamo Laura Hull, walieleza tabia hiyo kwa kina mwaka 2017, na mwaka uliofuata utafiti wa Sarah Cassidy na wenzake ukaihusisha na mawazo ya kujiua. Ripoti ya Buckland inasema ni asilimia 35 tu ya wafanyakazi wenye usonji walio wazi kabisa kazini kuhusu hali yao, na mmoja kati ya kumi hajamwambia mtu yeyote.

Gharama yake huja baadaye. Mwaka 2020 Dora Raymaker wa Chuo Kikuu cha Portland State, mtafiti ambaye naye ana usonji, alichapisha na wenzake maelezo ya uchovu mkubwa ambao wenye usonji walikuwa wakisimuliana kwa miaka mingi huku madaktari wakiuita sonona au uvivu. Ni uchovu wa miezi mitatu au zaidi. Mtu anapoteza hata aliyokuwa akiyaweza: kupika, kuongea, kujibu barua pepe. Kelele aliyokuwa akiivumilia mwaka jana sasa inamtoa machozi. Mwajiri anaona mfanyakazi hodari aliyeharibika ghafla, wakati mfanyakazi huyo amekuwa akitumia nguvu za kazi mbili kwa mshahara wa kazi moja tangu siku aliyoajiriwa.

Ndiyo maana ushuhuda wa waliofika juu una uzito. Charlotte Valeur, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi katika benki za uwekezaji za London na kuwa mwenyekiti wa Taasisi ya Wakurugenzi ya Uingereza, alijitangaza hadharani kuwa ana usonji. Amekaa kwenye bodi ambako maamuzi ya kuajiri hufanywa, na kijana anayeficha hali yake kwenye ghorofa ya chini anaweza kulitaja jina lake.

Yanayosaidia ni madogo, na mengi hayagharimu chochote. Kampuni ya Ultranauts ya New York, ambayo wafanyakazi wake wapatao robo tatu wana usonji na wote hufanyia kazi nyumbani, ina utaratibu unaoitwa Biodex. Kila mfanyakazi anaandika maelezo mafupi ya namna ya kufanya kazi naye: anapenda kukosolewa kwa maandishi au kwa mdomo, hujibu ujumbe upesi au hukaa nao kwanza, ni saa ngapi asisumbuliwe. Mwenzake anayejiunga na timu husoma kabla ya kumwandikia neno la kwanza. Kila mtu anaandika ya kwake, mwenye usonji na asiye nao, kwa hiyo hakuna anayelazimika kujitokeza peke yake kuomba fadhila.

Kwetu Afrika Mashariki sheria ziko mbele ya ofisi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaelekeza angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziende kwao. Lakini neno ulemavu likitajwa, waajiri wengi hufikiria ngazi na kiti cha magurudumu. Mtu mzima mwenye usonji, ambaye pengine hajawahi kupimwa na daktari yeyote, anajulikana ofisini kwa majina mengine: ana maringo, hana adabu, mgumu. Ofisi zetu zina mzigo wake wa ziada, kwani siku huanza kwa salamu ndefu, za nyumbani, za watoto, za safari, na anayeingia moja kwa moja kwenye faili lililomleta huhesabiwa kuwa amedharau watu. Huenda amefika mapema kuliko wote na kumaliza kazi yake kabla ya saa nne. Hilo haliandikwi popote.

Basi neno hili ni la afisa utumishi, meneja wa tawi, na mwenye kampuni ya watu kumi. Watumieni waombaji maswali ya usaili siku mbili kabla. Wapeni saa moja ya kazi yenyewe waifanye mbele yenu, na alama zitokane na kazi hiyo. Andikeni maagizo, pamoja na saa mnayoyataka. Badilisheni ile taa inayopepesa, na mruhusuni anayetaka kuvaa hedifoni avae. Mkitaka kumkosoa mtu, mwambieni alichokosea na kinachotakiwa, faragha, kwa maneno yasiyo na fumbo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji cheti cha daktari, na hakuna mfanyakazi yeyote, wa aina yoyote, atakayelalamika kuwa mmemwonea kwa kuyafanya. Anzeni na nafasi itakayotangazwa mwezi huu.